Mwaka wa sanaa mjini Moshi: mwongozo kamili wa kamati ya kata, kuanzia kalenda hadi kuzima jenereta

Kamati zinazoandaa sherehe za sanaa za mwaka mzima hukwama pale pale. Uzinduzi unafana: matarumbeta, fulana, mgeni rasmi, picha. Mwezi wa pili watu bado wanakuja. Masika yakifika, uwanja ni tope, nusu ya fedha ilishakwenda siku ya kwanza, vikundi vinadai, na hakuna anayejua kata gani inafuata. Mwaka wa sanaa hausimami kwa siku ya uzinduzi. Unasimama kwa ile Jumamosi ya kawaida kule Pasua au Msaranga, iliyoanza kwa saa yake na ikasikika hadi mstari wa nyuma.

Mwongozo huu ni wa kuipata Jumamosi hiyo, na kuipata tena na tena.

## Mnavyohitaji kabla ya hatua yoyote

Upande wa watu: mwenyekiti wa kamati, mtunza fedha, fundi umeme mwenye leseni, fundi mitambo wa sauti, msimamizi wa jukwaa, na watu 10 wa kuongoza umati. Msimamizi wa jukwaa asiwe ndiye MC. Kazi yake ni saa na foleni ya vikundi, na mtu anayeongea kwenye maiki hawezi kwenda nyuma kukagua nani amevaa na nani hajavaa.

Vifaa vya siku moja, kwa watazamaji wapatao 350:

- Jenereta ya kVA 5, na dumu la petroli la lita 20
- Spika 4 zenye ampu ndani, na stendi zake
- Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya njia 8 au zaidi, maiki 4 za waya na 2 zisizo na waya
- Waya wa milimita za mraba 2.5, mita 50, wenye ethi
- Swichi ya usalama ya miliampia 30, ile inayokata umeme ukivuja
- Maturubai 3, madumu 24 ya lita 20, kamba
- Taa 6 za LED za wati 100
- Chokaa ya kuchorea uwanja, kigingi, kamba ya mita 6
- Mikeka, viti 120, ndoo za maji zenye bomba, sabuni
- Sanduku la huduma ya kwanza na kizima moto

Msinunue vitu hivi kila kata na vyake. Kata 21 za Manispaa ya Moshi zikichangia seti moja inayozunguka, au zikikodi kwa mkataba mmoja wa mwaka kwa mtu mmoja, bei inashuka na fundi anavizoea vyombo vyake. Kukodi upya kila mwezi kwa mtu tofauti ndiyo njia ya kuletewa waya zilizokatika na spika iliyopasuka sauti.

## Hatua ya 1: Pangeni kalenda kwa mvua, harusi na mitihani

Hapa ndipo mwaka unapookolewa au kupotea, kwa hiyo msiifanye jioni moja.

Chukueni karatasi kubwa yenye miezi 12. Futeni kwanza miezi isiyofaa kwa shughuli ya nje: Machi, Aprili na Mei kwa ajili ya masika, na Novemba kwa ajili ya vuli. Wekeni Desemba kando, tutairudia. Inabaki miezi saba ya uwanjani: Januari, Februari, Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Kata ni 21. Kata tatu kwa mwezi, kwa miezi saba, zinatosha kamili bila kata kubaki wala kurudiwa.

Kila mwezi una Jumamosi nne au tano. Kata tatu zinachukua tatu. Ya nne ni ya akiba. Msiitangaze Jumamosi ya akiba na msiipe kata nyingine. Ndiyo mtakayohamishia shughuli ikinyesha, ukitokea msiba mzito mtaani, au Mwenge wa Uhuru ukipangiwa siku hiyo. Tarehe ya Mwenge kupita Moshi hubadilika kila mwaka, na siku zake viongozi na maafisa wote wanakuwa barabarani. Ulizeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mapema.

Halafu andikeni juu ya karatasi hiyo hiyo mambo yatakayogombania watu wenu:

Harusi. Wapiga matarumbeta na wapiga ngoma wazuri wa Moshi Jumamosi zao ni za harusi, na wanaolipa harusi hawabishani bei. Wakati wa Kwaresima harusi hupungua sana, kwa hiyo Jumamosi za Februari zinazoangukia Kwaresima ndizo rahisi zaidi kuwapata. Kwa miezi ya Juni hadi Oktoba, wekeni malipo ya awali miezi mitatu kabla.

Ramadhani. Kila mwaka huanza mapema zaidi kwa siku 10 au 11. Ikiangukia mwezi wa uwanjani, kata zenye Waislamu wengi zihamishiwe mwezi mwingine.

Mitihani. Darasa la saba hufanya Septemba, kidato cha nne Novemba. Kama uwanja wenu ni wa shule, msiuombe wiki ya mtihani wala wiki inayoutangulia.

Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Vyumba vinajaa, barabara zinafungwa, maturubai yote ya mji yamekodiwa. Epukeni wikiendi hiyo kwa kata. Lakini wageni hao wapo mjini tangu Alhamisi, na onyesho la picha na vinyago katika ukumbi Ijumaa jioni linawapata wakiwa hawana pa kwenda.

Mavuno ya kahawa. Vikundi vya kutoka Kibosho, Marangu na Old Moshi vina wazee walio shambani Julai hadi Desemba. Waulizeni wao siku gani wanashuka mjini, msiwapangie.

Miezi ya mvua si miezi ya kulala. Machi hadi Mei ni ya ndani: mashairi na maigizo kwenye mabwalo ya shule, kwaya kwenye kumbi za parokia na usharika, mafunzo ya kuwamba ngoma, maonyesho ya uchoraji. Novemba ni ya mazoezi ya Desemba.

Na Desemba yenyewe: kuanzia tarehe 20 watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Stendi haipitiki. Hakuna wakati mwingine ambapo mtu aliyeishi Dar es Salaam miaka 30 anakuwepo Moshi na wajukuu wake wanaotamani kuona ngoma ya babu. Wekeni hapo siku mbili kubwa za mji mzima, kati ya tarehe 27 na 30, na chagueni vikundi bora vilivyoonekana kwenye kata. Ndiyo sababu nyingine ya kutomaliza fedha Januari. Kanuni inayofanya kazi: uzinduzi usizidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka, Desemba asilimia 20, akiba asilimia 10, na asilimia 60 ibaki kwa kata.

Kalenda imekamilika ikiwa mwenyekiti wa mtaa yeyote anaweza kuiangalia ukutani na kusema tarehe yake, tarehe yake ya akiba, na jina la mtu anayeshika fedha ya siku hiyo.

## Hatua ya 2: Vibali, kwa mpangilio huu

Siku 60 kabla, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Barua yao ndiyo inayofungua milango mingine.

Siku 45 kabla, peleka barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia kwa Afisa Utamaduni. Yeye ndiye atakayewaeleza vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na mambo ya hakimiliki kwa muziki uliorekodiwa mtakaoupiga kati ya kikundi na kikundi. Kamati nyingi husahau hili la pili zikidhani ngoma za asili tu ndizo zitakazopigwa, na huku DJ anapiga muziki wa watu kutwa nzima.

Uwanja wa shule: ruhusa ya mdomo ya mwalimu mkuu haitoshi. Ipateni kwa maandishi, na kwa shule ya serikali ipitie Manispaa. Mkifunga barabara ya mtaa, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahusishwe. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na ushauri wetu ni kuiacha kabisa.

Polisi: sheria inataka taarifa ya maandishi ya mkusanyiko wa hadhara angalau saa 48 kabla. Msingoje saa 48. Pelekeni siku 14 kabla, nakala mbili, na nakala yenu irudi na muhuri. Wajulisheni pia Zimamoto.

Kila ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti ibaki kwenye faili. Siku ya shughuli faili hilo lote liwe mikononi mwa mtu mmoja aliyepo uwanjani, kwa sababu askari wa zamu anayefika saa 11 jioni si yule aliyepokea barua yenu.

## Hatua ya 3: Uwanja, na kwa nini ngoma haipandi jukwaani

Kosa linalorudiwa ni kujenga jukwaa la mbao kisha kupandisha kila kitu juu yake. Kwaya, mashairi na bendi wanafaa jukwaani. Ngoma haifai. Mbao zilizopigiliwa juu ya mirunda hucheza miguu 20 inapotua kwa pamoja, maiki zinanasa kishindo hicho, na spika zinanguruma. Vijana wa Kimaasai wakiruka kwenye jukwaa la namna hiyo, kuna siku ubao utavunjika na mguu wa mtu utazama ndani. Pia ngoma huchezwa kwa duara, na jukwaa linawageuza wachezaji wawe mstari mmoja unaowaangalia wageni.

Chora duara. Piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 6, mwingine avute kamba ikaze na atembee akimwaga chokaa kidogo kidogo kwenye mkebe uliotobolewa. Mnapata duara la upana wa mita 12. Lizungusheni ukanda wa watazamaji wa mita 4, na uacheni wazi mahali pawili, mita 3 kila mahali, pande zinazotazamana. Kwa watu wawili kila mita ya mraba, ukanda huo unabeba watu wapatao 350. Wakizidi, ongezeni upana wa ukanda, msiwabane.

Mbele kabisa ni mikeka ya watoto, kisha viti, kisha wanaosimama. Mkiweka viti mbele, watoto watajipenyeza hadi ndani ya chokaa, na hakuna mgambo atakayewatoa saa nzima.

Njia mbili zilizo wazi si za mapambo. Moja ni ya wachezaji kuingia, ya pili ni ya gari la wagonjwa. Atakayeegesha bodaboda hapo aondolewe mara moja.

Turubai lisilofungwa ni hatari kuliko jua. Upepo wa Agosti hadi Oktoba unakuja ghafla na vumbi lake. Kila mguu ufungiwe madumu mawili ya maji yaliyojaa, yaani kilo 40. Maturubai matatu yenye miguu minne yanakula madumu yote 24, ndiyo maana ya idadi ile ya juu. Maji hayo yatatumika jioni kunawa na kumwagia vumbi.

Vyoo: kwa watu 350, matundu 6, manne yawe ya wanawake. Uwanja wa shule una vyoo tayari. Hiyo peke yake ni sababu ya kuupendelea.

## Hatua ya 4: Umeme

Hesabu kwanza, jenereta baadaye. Spika nne kwa wastani wa wati 300 ni 1,200. Taa sita ni 600. Mikisa na maiki 100. Kibodi na ampu ya gitaa 300. Jumla wati 2,200. Zidisha kwa 1.5 kwa ajili ya vishindo vya sauti: 3,300. Jenereta ya kVA 5 inatoa takriban wati 4,000, kwa hiyo inatosha na kubakiza kidogo.

Kidogo hicho ndicho mama lishe anachokuja kukimaliza. Birika moja la umeme ni wati 2,000. Likichomekwa kwenye ekstensheni ya karibu, jenereta inazama, spika zinakatika, na kila mtu anamlaumu fundi wa sauti. Waambieni mapema wauza vyakula watumie mkaa au gesi, na sanduku la soketi liwe na mlinzi.

Jenereta ikae mita 30 kutoka kwenye duara, upande ambao upepo unaelekea, moshi usiwarudie watu. Waya ukunjuliwe wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye rola unapata joto lake lote sehemu moja, na ganda linayeyuka hata kama mzigo si mkubwa. Unapokatiza njia ya watu, ufukieni au uwekewe ubao juu.

Fundi aifunge ile swichi ya miliampia 30 kabla ya soketi ya kwanza, na abonyeze kitufe cha kuijaribu mbele ya mwenyekiti. Isipokata, shughuli haianzi. Mtu mwenye jasho, miguu peku kwenye ardhi yenye maji, ameshika maiki yenye hitilafu: huyo ndiye mnayemlinda.

Kwa saa 7, kadirieni lita 2 za petroli kila saa. Jazeni tangi kabla ya kuanza, na mkihitaji kuongeza, zimeni kwanza na mngoje ipoe.

## Hatua ya 5: Sauti

Spika ziwe mbele ya maiki, mita moja au mbili kuelekea watazamaji, na chini ya spika pawe urefu wa mita 2 kutoka ardhini. Spika iliyokaa chini inawapasua masikio watoto wa mikekani, na wa nyuma hawasikii neno.

Maiki ikianza kupiga mluzi, shusheni sauti yake kwanza, ndipo mtafute sababu. Mara nyingi ni mtu amepita na maiki mbele ya spika, au ameifunika kichwa kwa kiganja. MC afundishwe kuishika kwenye mpini.

Kwa ngoma, msiwekee kila ngoma maiki yake. Ngoma sita zinasikika zenyewe kwa watu 350. Anayepotea ni manju, yaani mwimbaji kiongozi, kwa sababu anaimba huku anazunguka na nusu ya muda amewapa mgongo. Maiki isiyo na waya iwe yake, yenye betri mpya, na ya pili wapewe waitikiaji. Betri za jana zitakufa katikati ya wimbo.

Majaribio yafanyike saa 7 mchana. Mtu asimame mwisho wa ukanda, upande ulio mbali zaidi na spika, na asikilize shairi lisilo na muziki. Akilirudia neno kwa neno, sauti iko tayari. Muziki mkubwa si kipimo. Muziki husikika hata kwenye mitambo mibovu.

## Hatua ya 6: Ngozi za ngoma

Ngozi inavuta unyevu. Asubuhi ya baridi ya Julai, ngoma iliyolazwa kwenye nyasi inatoa sauti ya kopo la karatasi. Iwekeni juu ya gunia, kivulini, tangu ilipofika.

Dakika 30 kabla ya kikundi kuingia, washeni moto mdogo wa majani makavu ya migomba. Unawaka haraka, hautoi makaa mengi, na unapatikana bure. Mpigaji anaielekeza ngozi kwenye joto na kuizungusha polepole, huku kiganja chake kikiwa karibu na ngozi. Kiganja kisipovumilia, ngozi nayo haivumilii, irudishwe nyuma. Kila baada ya muda anaigonga kwa vidole, katikati na ukingoni, hadi mlio mzito uachane wazi na mlio wa juu.

Ngozi ikikazwa kwa pupa hupasuka palipo na mshono au kigingi, na jioni hiyo haina dawa. Moto huo uwe upande wa pili wa uwanja kutoka kwenye petroli, na ndoo mbili za maji zikae hapo hapo.

## Hatua ya 7: Ratiba, na suala la mgeni rasmi

Hakuna kinachoharibu Jumamosi ya kata kama kumngoja mgeni rasmi. Watoto wamevaa tangu saa 8, ngozi zimepoa, wazee wa kikundi wameanza kuulizia gari la kurudi mlimani, na ratiba nzima inasukumwa gizani.

Dawa iko kwenye barua ya mwaliko. Andikeni kwa heshima, wazi: shughuli inaanza saa 9:30 alasiri, nafasi ya mheshimiwa kuzungumza ni saa 10:40, kwa dakika 10. Kwa namna hiyo akichelewa hajakosewa heshima, na nyinyi hamjasimama. Asipofika kufikia saa 10:40, kikundi kinachofuata kinaingia na atapewa nafasi baada ya kikundi hicho.

Mpangilio unaofaa:

- Saa 3 asubuhi: maturubai, chokaa, vyoo
- Saa 5: jenereta na sauti
- Saa 7: majaribio
- Saa 9:30: watoto na shule
- Saa 10:10: ngoma ya kwanza
- Saa 10:40: mgeni
- Saa 10:50: mashairi na maigizo mafupi
- Saa 11:30: ngoma kubwa
- Saa 12:15 jioni: kwaya au bendi, taa zikiwashwa kabla giza halijaingia
- Saa 1:30 usiku: mwisho

Watoto wako mwanzo kwa sababu lazima wawe nyumbani kabla ya giza. Kila mtoto anayeonyesha awe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi, mwalimu wake awepo, ale kabla ya kucheza. Mwisho ni saa 1:30 ili watu wa Rau na Kiboriloni wapate daladala bila kugombania bodaboda.

## Hatua ya 8: Mvua isiyotarajiwa

Amueni saa 6 mchana, siyo saa 9. Uwanja ukishika tope linaloacha alama ya kisigino, ngoma haichezwi hapo, hata jua likitoka. Mkiahirisha, tangazo liende mara moja kwa mabalozi, misikitini, makanisani na kwa gari la matangazo, likitaja tarehe ya akiba. Tangazo lisilo na tarehe mpya watu huliona kama shughuli imekufa.

Mvua ikianza katikati, kwanza zimeni jenereta, kisha funikeni mikisa, kisha ndiyo muwatoe watu chini ya maturubai yanayojaa maji. Tumbo la maji juu ya turubai lisukumwe kwa mti kutoka chini kidogo kidogo, kuanzia ukingoni.

## Hatua ya 9: Kulipa na kukabidhi

Vikundi vilipwe usiku ule ule, kabla ya viti kupakiwa. Kila kikundi kiwe na karatasi moja iliyosainiwa tangu mwanzo: saa ya kufika, malipo, nauli, chakula, na kama picha zao zitatumika. Mtunza fedha atume kwa simu, kiongozi wa kikundi aoneshe ujumbe umeingia, asaini. Kikundi kilichoambiwa "njooni Jumatatu" hakirudi mwezi ujao, na kitawaambia wenzake wa mlimani.

Kisha mafundi wahesabu vifaa wakiwa na kamati ya kata inayofuata. Waya uliochubuka ufungwe kitambaa chekundu usiku huo, usiachwe kukumbukwa kwa kichwa. Betri zote za maiki zitolewe. Dumu la petroli liandikwe limebaki lita ngapi. Mwenyekiti wa kata iliyomaliza na wa kata inayofuata wasaini daftari moja, na daftari hilo liondoke na vifaa.